Nyota za Kununua: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba ya Wageni au Mashua Lamu

Ujumbe uliingia baada ya Isha, nimekaa dakani na kikombe cha kahawa. "Salaam boss. Nyota tano 20 kwa 4,000. Majina ya wazungu, picha zipo. Nusu sasa, nusu zikitokea." Namba siijui. Nyumba yangu ina vyumba vinne hapa Langoni, na usiku ule ukurasa wake mtandaoni ulikuwa na rivyu 11 tu, yaani maoni ya wageni yenye nyota, moja ikilalamikia punda. Mwenzangu wa mtaa wa nyuma, ambaye maji yake hukatika siku mbili katika tatu, alikuwa na rivyu zaidi ya 90, zote tamu kama halwa.

Sitakuficha, nilipiga hesabu. Elfu nne ni bei ya chumba kimoja usiku mmoja wakati wa kusi, wageni wakiwa wa kuhesabu kwa vidole. Kilichonizuia hakikuwa uchamungu. Nilimpigia mpwa wangu aliyeko Malindi, kazi yake ni kushughulikia bukingi za hoteli, akacheka kisha akaniambia, "Ami, huyo hakuuzii nyota. Anakuuzia mashahidi wa uongo, tena humjui hata mmoja wao."

Neno hilo la mashahidi ndilo lililonifungua akili, na ndilo ninalolitumia katika mwongozo huu mzima. Rivyu ni mtu anasimama mbele ya watu na kusema: nililala pale, nikaona hivi. Basi kila unapotaka kufanya jambo kuhusu maoni ya wateja, jiulize: huyu shahidi alikuwepo? Amelipwa na nani? Na je, kuna shahidi mwingine nimemfungia mlango? Sheria za nchi nyingi, ukizivua vilemba, zinauliza hayo hayo.

Hatua ya kwanza: jua sheria inakushika wapi

Barazani watu husema, "Kenya hakuna sheria ya rivyu." Ukitafuta sheria yenye neno nyota hutaipata, hilo kweli. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa au huduma aliyoilipia, na inaliagiza Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ikaja, na kifungu cha 12 kinakataza kumwambia mteja jambo la uongo au la kupotosha, ikiwemo kudai kwamba huduma yako ina sifa au idhini ambayo haina. Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo, kifungu cha 55, inasema karibu yale yale, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Adhabu yake si ya mchezo: faini hadi shilingi milioni 10, kifungo hadi miaka 5, au vyote pamoja.

Sasa uchukue ule ujumbe wa WhatsApp uuweke kando ya maneno hayo. Mtu asiyekuwepo anasema kitanda chako hakina mfano Lamu nzima. Wewe umetoa pesa ili aseme. Mgeni wa kweli anasoma, anaamini, anatuma amana. Mwanasheria hahitaji neno nyota ili apate pa kushika hapo.

Wageni wetu wengi hutoka ng'ambo, na huko mambo yameandikwa waziwazi zaidi. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia kanuni zake mpya tarehe 28 Mei 2022: rivyu bandia marufuku, na anayeonyesha maoni ya wateja lazima aseme kama amehakikisha wameitumia bidhaa kweli, na amehakikisha vipi. Marekani, tume yao ya biashara, ile FTC, ilitangaza kanuni Agosti 2024 na ikaanza kazi tarehe 21 Oktoba mwaka huo. Inakataza rivyu za watu wasiokuwepo, zikiwemo zile zinazotungwa na programu za akili bandia. Inakataza kumlipa mtu kwa sharti kwamba asifu, au amponde mshindani. Inakataza pia wafanyakazi na jamaa kujifanya wateja, kumtisha mteja asiandike, na kununua wafuasi bandia kwa ajili ya biashara. Faini yake inapita dola 50,000 kwa kila kosa. Uingereza ikafuata: kuanzia tarehe 6 Aprili 2025 mamlaka yao ya ushindani na masoko, CMA, inaweza kuitoza kampuni hadi asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima bila kwenda mahakamani kwanza.

Utaniuliza, hao FTC watapanda boti Mokowe wanitafute mimi? Hawatakuja. Ila mtandao unaokuletea wageni uko kwao, nao umeshabanwa. Januari 2025 Google iliiahidi CMA kwamba biashara za Uingereza zitakazokamatwa na rivyu bandia zitabandikwa onyo kwenye ukurasa wao, na zilizozidi zitafutiwa maoni yote kwa miezi sita au zaidi. Tripadvisor imekuwa ikibandika alama nyekundu kwa waliokamatwa kwa muda mrefu. Mwenye mtandao akibanwa juu, anakubana wewe chini, wala hahitaji hakimu. Kwa nyumba ya vyumba vinne, kufutiwa ukurasa mwezi wa Desemba ni zaidi ya faini.

Hatua ya pili: jikague kabla hujamkagua jirani

Nilikaa na kalamu nikazipitia zile 11 zangu. Moja ilikuwa ya mke wa mdogo wangu: "Chakula kitamu sana, mwenye nyumba mkarimu." Mkarimu ni mimi. Chakula alikipika yeye. Nyingine ilikuwa ya kijana anayetupokelea mizigo gatini, ameipa nyumba nyota tano na hajawahi kupanda ngazi zake.

Hawakuwa na nia mbaya, na mimi sikuwatuma. Lakini kampuni moja ya vipodozi ya Marekani, Sunday Riley, iliingia matatani na FTC mwaka 2019 kwa jambo la ukoo huo huo: wafanyakazi waliagizwa wafungue akaunti za majina ya uongo na kusifu mafuta ya kampuni yao. Tofauti ni kwamba shemeji yangu hakuagizwa na mtu, tena yeye ni mmoja tu.

Basi fanya hivi. Andika orodha ya kila mtu anayekula kutokana na nyumba au mashua yako: mke au mume, watoto, ndugu, mpishi, mfuaji, nahodha, baharia, anayekuletea samaki. Pitia maoni yako jina kwa jina. Ukimkuta mmoja wao, mwombe aifute mwenyewe. Kwenye Google anafungua ramani, anaingia kwenye maoni yake, anafuta. Kazi ya dakika moja. Shemeji yangu alininunia wiki nzima, nikabaki na rivyu 9, na Mungu anajua zile 9 ni halali.

Usisahau upande wa pili: rivyu ulizoziandika wewe. Kama ulikwenda ukampa mshindani wako nyota moja usiku wa hasira, hiyo nayo futa. Kumponda mshindani kwa kujifanya mteja ni kosa lile lile limegeuzwa kichwa chini.

Hatua ya tatu: mkatae muuzaji, lakini weka alichokuandikia

Usibishane naye bei hata kwa mzaha. Maneno "punguza kidogo" yakibaki kwenye simu yako, siku moja yatasomwa na mtu asiyejua kuwa ulikuwa unatania. Piga picha ya ujumbe ikionyesha namba na tarehe, mjibu "hapana", mfungie.

Wauzaji hawa wana historia ndefu. Mwaka 2013 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York aliwatuma maafisa wake wajifanye wana duka la yogati Brooklyn linalosumbuliwa na maoni mabaya. Wakawapigia simu washauri wa matangazo, na wengi wakajitolea kuwaandikia sifa za uongo. Waandishi wenyewe walikuwa Ufilipino, Bangladesh na Ulaya Mashariki, wakilipwa kati ya dola 1 na 10 kwa kila rivyu. Kampuni 19 zililipa faini ya jumla ya zaidi ya dola 350,000. Italia walikwenda mbali zaidi: mwaka 2018 mahakama ya Lecce ilimhukumu kifungo cha miezi tisa mtu aliyekuwa akiuza rivyu bandia za Tripadvisor kwa mahoteli na mikahawa. Biashara kama yetu kabisa.

Jambo jingine la muuzaji: ameshaijua namba yako na ukurasa wako. Leo anakuuzia nyota tano. Ukimkatalia malipo ya nusu ya pili, ni nani atakayemzuia asikumwagie nyota moja moja? Umempa mtu ufunguo wa nyumba.

Hatua ya nne: omba maoni, na umwombe kila mtu

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wetu tunapolala. Tunaona haya kuomba. Mgeni anaondoka anakumbatia kila mtu, anaahidi atarudi na mamake, halafu kimya. Kisha tunalalamika kwamba wenye rivyu 90 wamenunua. Wengine wamenunua, ndiyo. Wengine wameomba tu.

Wakati mzuri si wakati wa kulipa. Pesa zikiwa mezani kila neno linasikika kama biashara. Mimi huwaombea gatini. Mgeni wa ndege lazima avuke kwenda uwanja wa Manda, na boti haikosi kungoja mtu wa mwisho. Hizo dakika kumi, ameshika begi, upepo unampiga, bado ananukia karafuu, ndizo zangu. Nampa kadi ndogo yenye alama ya kuskani, na maneno haya:

"Asante kwa kulala kwetu. Ukipata nafasi, waambie wengine ulichokiona, kizuri na kibaya. Tunasoma yote."

Kwa nini "kizuri na kibaya"? Kwa sababu ukiandika "tupe nyota tano" umeshamfundisha shahidi la kusema. Mpwa wangu alinitolea kadi ya hoteli moja ya huko kwao iliyosema: "Umefurahi? Tuandikie mtandaoni. Hukufurahi? Mwambie meneja." Inaonekana adabu njema. Lakini ni chujio: wenye raha wanapelekwa uwanjani, wenye malalamiko wanapelekwa chumba cha nyuma. Google inakataza kuwachuja wateja namna hiyo. Mwuza nguo wa Marekani, Fashion Nova, alikubali mwaka 2022 kulipa dola milioni 4.2 kwa sababu, kwa madai ya FTC, tovuti yake ilikuwa ikichapisha zile za nyota nne na tano zenyewe, na za chini yake zinazuiliwa zisionekane. Hakuna aliyedai kwamba zile zilizoonekana pale ni bandia. Uongo ulikuwa katika zile zilizofichwa.

Vipi zawadi? Nahodha mmoja rafiki yangu alikuwa akiwaambia wageni, "Ukiniandikia, safari ya machweo nusu bei." Nikamuuliza, na akikuandikia kwamba injini ilizima Manda Toto? Akanyamaza. Kanuni ya FTC inakamata zawadi yenye sharti la kusifu, lakini Google na Tripadvisor hawataki zawadi yoyote ile, hata ya soda, hata kama hukuweka sharti. Kwa hiyo usiumize kichwa kutafuta mpaka uko wapi. Mkirimu mgeni kwa sababu ni mgeni, mpe kahawa na kaimati, na usitaje maoni katika pumzi hiyo hiyo.

Na mgeni aandike kwa simu yake. Usimpe yako, usimpe kompyuta ya mapokezi, usimsimamie begani. Rivyu 15 zilizotoka kwenye kifaa kimoja ndani ya nyumba yako zitaonekana ni zako hata kama kila mwandishi alikuwa mkweli.

Kwenye Airbnb kuna hesabu ya kujua: wewe na mgeni mna siku 14, na hakuna anayeona ya mwenzake mpaka wote wawili wameandika au siku zimekwisha. Kwa hiyo andika yako mapema na kwa ukweli. Kungoja uone yeye amesema nini ni kujichelewesha tu.

Hatua ya tano: wenye wafuasi wengi

Kila Novemba hawakosi. "Nina wafuasi elfu 60, nipe siku tatu, nitakupost." Si haramu. Kumlaza mtu bure ili akutangaze ni tangazo kama ubao wa barabarani, mradi watazamaji waambiwe ni tangazo. Uharibifu unaanzia pale anapojifanya mgeni aliyejilipia.

Andikianeni kabla hajapanda ndege, hata kwa WhatsApp: siku ngapi, chumba gani, anachotoa ni picha ngapi, na kwamba ataandika wazi mwanzoni mwa maelezo, "Nimelala bure kwa mwaliko wa nyumba hii." Mwanzoni, kabla watu hawajalazimika kubonyeza waone zaidi. Usimwekee sharti la kusifu. Na mwambie wazi asiandike rivyu ya nyota kwenye Google wala Tripadvisor, kwa sababu pale ni mahali pa mashahidi, naye amelishwa na mwenye kesi.

Ushauri wangu wa pembeni, usio wa kisheria: wengi wao hawaleti mgeni hata mmoja. Mwanamke mmoja mwalimu mstaafu aliyelala kwangu siku tisa na kuandika aya nne kuhusu zidaka za ukutani na ngazi zenye giza ameniletea wageni kuliko wote hao.

Hatua ya sita: inapokuja mbaya

Kwanza ngoja usiku mmoja upite. Jibu la hasira huishi muda mrefu kuliko rivyu yenyewe.

Kisha tenganisha. Kuna mbaya ya kweli na mbaya ya uongo, na dawa zake hazifanani.

Ya kweli ijibu kwa ufupi na iache ilipo. Ile ya punda ilisema: "Nyumba nzuri, lakini punda wanalia alfajiri, usingizi hakuna. Nyota tatu." Mimi nilijibu hivi: "Pole kwa usingizi. Punda wapo, na dirisha la chumba ulicholala linatazama njia yao. Chumba cha nyuma kina utulivu zaidi. Anayekuja atuambie mapema tumpe hicho." Tangu hapo watu huandika kabla ya kufika, "Naomba chumba cha nyuma." Wengine huomba cha punda makusudi. Rivyu ile inafanya kazi ambayo mimi nisingeifanya.

Ya uongo inataka daftari. Kila nyumba ya wageni ina kitabu cha wageni chenye majina na tarehe. Leo ndipo utakapojua thamani yake. Tafuta tarehe, tafuta jina, tafuta bukingi. Kama hayumo, piga picha ya rivyu, ibonyeze kwenye alama ya kuripoti, chagua sababu inayolingana, na eleza kwa sentensi mbili: mtu huyu hakulala kwetu, tarehe anayoitaja nyumba ilikuwa imefungwa kwa ukarabati. Usieleze hadithi ya ugomvi wako na jirani. Anayesoma upande wa pili ana mamia ya kusoma siku hiyo.

Hadharani weka jibu fupi pia: "Hatuna kumbukumbu ya kukupokea. Kama kuna kosa la jina, tuandikie." Hapo simama. Usitaje jina kamili la mtu, wala namba ya chumba, wala alilala na nani, wala nambari ya pasipoti kutoka kwenye kitabu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hayo kuwa ya mgeni, wewe umeyashika kwa amana, na mgeni aweza kukupeleka kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Nimewaona watu wema wakiwa na haki yao wakaipoteza kwa kumwaga siri za mgeni kwenye jibu.

Wapo wanaokimbilia polisi. Kashfa ya maneno kama kosa la jinai iliondolewa na Mahakama Kuu mwaka 2017, kwa hiyo njia ya kawaida kwa anayeharibu jina lako kwa uongo ni kumshtaki kwa madai ya fidia, kwa wakili na gharama zake. Fikiria kwanza rivyu hiyo inakugharimu kiasi gani.

Mgeni anayekutisha ni suala jingine: "Nirudishie nusu ya pesa, la sivyo nitakumaliza mtandaoni." Usimjibu kwa simu. Mwambie akuandikie. Halafu peleka mazungumzo hayo kwa mtandao uliomleta kabla hajaandika, kwa sababu Airbnb na Tripadvisor wana njia ya kupokea malalamiko ya vitisho, na ushahidi wa kabla una nguvu kuliko kilio cha baada. Wala wewe usimgeuzie kibao kwa kumwahidi pesa afute. Ukimlipa anyamaze umenunua ukimya wa shahidi.

Na usiweke kanuni ukutani ya kuwatoza wenye kusema vibaya. Mwaka 2014 nyumba moja ya wageni mjini Hudson, jimbo la New York, ilijulikana kuwa na sharti la kuwatoza wenye harusi dola 500 kwa kila rivyu mbaya ya wageni wao. Habari ilipotoka, watu wasiowahi kuiona nyumba hiyo waliimwagia nyota moja kwa wingi. Miaka miwili baadaye Marekani ikapitisha sheria inayobatilisha mikataba ya kuwaziba wateja midomo.

Hatua ya saba: kaa na vijana wako

Hili halimhusu mwenye nyumba peke yake. Mtoto wa jirani, amemaliza fomu four, aliniambia amepata "kazi ya mtandaoni": anatumiwa majina ya hoteli za nchi za mbali kwenye Telegram, anazipa nyota tano, anapata shilingi 100 kwa kila moja. Siku ya kwanza alilipwa kweli, M-Pesa ikaingia, tukaoneshwa. Siku ya tatu akaambiwa kuna "daraja la juu": weka 2,000 utoe 2,800. Akaweka, akatoa. Kisha 9,000. Hizo hazikurudi, na kundi la Telegram likafutika.

Ukimwona kijana wako kwenye njia hiyo, mwambie mambo mawili. Kazi inayokutaka utoe pesa ili ulipwe si kazi. Na hata zile 100 za mwanzo alizipata kwa jina lake na akaunti yake mwenyewe, akishuhudia vitanda vya hoteli asizozijua. Akaunti hiyo ikifungwa, ndiyo hiyo hiyo yenye picha zake, barua pepe zake na maombi yake ya kazi. Wapo pia wanaokodisha akaunti zao za Google kwa mwezi. Jibu ni lile lile.

Akishaliwa, asifute chochote. Aweke jumbe za M-Pesa na picha za mazungumzo, aende kituo cha polisi apewe namba ya OB, kile kitabu cha matukio, na SMS za kitapeli azipeleke kwa 333 kama laini ni ya Safaricom.

Hatua ya nane: kushtaki, na kama ulishanunua

Ukimjua mfanyabiashara anayenunua, malalamiko yapelekwe kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na kwa mtandao wenyewe. Peleka vitu: picha za skrini, tarehe, akaunti zilizosifu nyumba ya Lamu asubuhi na fundi meno wa mji wa Ulaya jioni. Uvumi wa barazani hauchukuliwi. Kama ni kijana anayemchokoza mwenzake tu, mkalie chini kwanza mzungumze.

Yule mwenzangu wa rivyu 90 alikuja dakani kwangu asubuhi moja ya Februari, hata salamu hakumaliza. Alilala nazo 90, ameamka na 17. Akaniuliza amshtaki nani. Nikamuuliza ngapi zilikuwa za wageni waliolala kwake. Akatazama chini, akapiga piga kikombe, akasema hajui, aliyezileta ni kijana wa mtandao.

Kwa aliye katika hali yake, utaratibu ni huu. Usinunue nyingine za kuziba pengo. Zitafutwa haraka zaidi. Mwambie muuzaji kwa maandishi kwamba humtaki tena. Kama zimebaki unazozijua ni bandia, ziripoti mwenyewe zitolewe. Ondoa kwenye mabango na kurasa zako kila mahali ulipoandika "nyota 4.9 kutoka kwa wageni 90". Tengeneza maji. Kisha anza kuwaandikia wageni wa kweli wa miezi ya karibuni, wote, waliofurahi na waliokasirika, ukiwaomba waseme walichokiona.

Alikwenda akarudi na daftari lake la wageni, kubwa, jalada limeliwa na chumvi. Tukaanza na ukurasa wa Januari.